UZI: Los Aldeanos wa Havana, na gharama ya kuwa msanii huru nchini Kuba

Mleta uzi:

Habari za jioni, wakuu. Mwaka 2011 rafiki yangu mmoja aliyesomea udaktari Kuba alirudi nyumbani na begi la vitabu vya Kihispania pamoja na furushi la CD lililofungwa kwa mpira. CD zile hazikuwa na majalada wala picha. Majina yalikuwa yameandikwa juu ya sahani zenyewe kwa makapeni, mengine yamefifia kwa kushikwashikwa, na mojawapo ilikuwa na maneno mawili tu: Los Aldeanos. Nilimuuliza aliinunua duka gani. Akacheka, akasema muziki ule hauna duka. Yeye alipewa na mwenzake wa bwenini, ambaye alinakili kwa jirani, ambaye naye alikabidhiwa mkononi na mtu aliyehudhuria onyesho.

Nimeusikiliza muziki huo kwa zaidi ya miaka kumi sasa, nikajifunza Kihispania cha kuungaunga kwa ajili yake, na kila ninapoona tunabishana humu kuhusu nani ni msanii huru na nani si huru, huwa nawakumbuka jamaa wale wawili. Sisi tukisema msanii huru tunamaanisha mtu asiye na lebo, anayejilipia studio na kubaki na haki za nyimbo zake. Kuba neno hilo lina uzito mwingine kabisa. Uzi ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka auhifadhi asome kesho.

Los Aldeanos ni kundi la rapu la watu wawili lililoanza Havana, mji mkuu wa Kuba, mwaka 2003. Wa kwanza ni Aldo Roberto Rodríguez Baquero, ambaye mashabiki humwita Aldo au El Aldeano, na wa pili ni Bian Oscar Rodríguez Galá, maarufu kama El B. Jina la kundi maana yake ni wanakijiji, ingawa Nuevo Vedado, mtaa wanaohusishwa nao, ni mjini kabisa. Aldo ana sauti ya kukwaruza na huchana kama mtu anayegombana na mlango uliofungwa, ilhali El B ni mtulivu zaidi, hupanga vina virefu vinavyofuatana kwa mistari kadhaa kabla ya kuachia pumzi, na alikuwa tishio katika mashindano ya kuchana papo kwa papo. Kwa maoni yangu El B ndiye mwandishi bora kati yao, lakini bila hasira ya Aldo nyimbo zile zisingeenea kwa kasi ile.

Ili mtu aelewe walivyokuwa wageni katika mazingira yao, inabidi kurudi nyuma kidogo. Mashariki mwa Havana kuna mji wa maghorofa uitwao Alamar, ambao kuanzia miaka ya 1970 ulijengwa na vikosi vya wafanyakazi walioacha kazi zao za kawaida kwa muda ili wajijengee makazi. Vijana wa pale walikuwa wakipandisha antena kwenye madirisha na mapaa ili wanase redio za Miami, Marekani, ambayo haifiki hata kilomita 400 kutoka Havana, na kwa njia hiyo rapu ikaingia kisiwani bila kupita forodhani. Kisha Umoja wa Kisovyeti ukavunjika mwaka 1991, na uchumi wa Kuba, ambao ulikuwa umeegemea huko kwa mafuta na soko la sukari, ukaporomoka kwa karibu theluthi moja ndani ya miaka michache. Umeme ulikatika kwa saa nyingi, mabasi yakatoweka, chakula cha kadi ya mgawo kikapungua. Mwaka 1995, katikati ya dhiki hiyo, kikundi kiitwacho Grupo Uno chini ya Rodolfo Rensoli kilianzisha tamasha la rapu Alamar. Kundi la Amenaza lilitokea katika mazingira hayo, na baadhi ya watu wake ndio waliokwenda Ulaya na kuunda Orishas, ambalo ni jina la rapu ya Kuba linalojulikana zaidi duniani.

Serikali haikujua ilichukulieje jambo hili. Mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte amesimulia kwamba mwaka 1999 alizungumza na Fidel Castro, kiongozi wa Kuba wakati huo, kwa muda mrefu kuhusu rapu ni nini na kwa nini vijana weusi wa Kuba wanaipenda, na mazungumzo hayo yanahesabiwa kuwa miongoni mwa mambo yaliyofungua mlango. Mwaka 2002 ikaundwa Agencia Cubana de Rap, yaani wakala wa serikali wa rapu, chini ya taasisi ya muziki ya taifa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa hiyo naomba mnivumilie. Mwanamuziki wa Kuba, ili atambuliwe kuwa mwanamuziki wa kulipwa, hupimwa na jopo, kisha husajiliwa katika shirika la umma ambalo humtafutia maonyesho, hupokea malipo na kumpa chake. Miaka ile asiyesajiliwa aliweza kuimba chumbani kwake hadi koo likauke, lakini hakuwa na njia halali ya kulipwa kwa onyesho, hakuwa na ukumbi, redio wala televisheni, kwa sababu vyote hivyo vilikuwa mali ya serikali. Wakala wa rapu ulichukua makundi machache tu kati ya mamia yaliyokuwapo, na makundi hayo yalijua mipaka. Mipaka yenyewe ilikuwa imechorwa na Fidel Castro Juni 1961 alipowaambia wasanii na waandishi kwamba ndani ya Mapinduzi, yaani mfumo aliouleta yeye madarakani, kila kitu kinaruhusiwa, na dhidi ya Mapinduzi hakuna kinachoruhusiwa. Ugumu wa kauli ile ni kwamba haimwambii mtu mstari umepita wapi. Huujua baada ya kuuvuka.

Los Aldeanos walianza mwaka mmoja baada ya wakala huo kuundwa, wakabaki nje yake. Kazi yao ya kwanza, ya mwaka huohuo wa 2003, waliiita kwa neno linalomaanisha waliopigwa marufuku, jambo ambalo mimi huliona kuwa la kuchekesha kidogo, maana walijitangaza kuwa wamefungiwa kabla hata hawajajulikana. Muda si mrefu jina likawafaa.

Sasa fikirini jinsi CD moja ilivyotengenezwa. Hadi mwaka 2008, Raúl Castro, mdogo wake Fidel, alipochukua urais, maduka ya Kuba hayakuruhusiwa kumuuzia mwananchi wa kawaida kompyuta. Kwa hiyo kompyuta ya kurekodia ilikuwa mashine iliyoungwa kwa vipuri vya mlango wa nyuma, au zawadi ya jamaa wa ng'ambo, au kifaa cha mgeni aliyeamua kuondoka bila mzigo. Studio ilikuwa chumba cha kulala. Iliyojulikana zaidi ni Real 70 ya Papá Humbertico, rapa na mtengenezaji wa midundo, na marapa wengi wa Havana waliokuwa nje ya mfumo walirekodi kwake. Ukisikiliza kwa makini rekodi za miaka ile utasikia chumba chenyewe: sauti ina mwangwi mfupi wa kuta zilizo karibu, na mdundo umebanwa kama umetoka kwenye redio ndogo. Wimbo ukikamilika ulichomwa kwenye CD tupu, nakala chache zikagawiwa kwa mkono, na kila aliyepata akawa kiwanda cha kunakili. Baadaye zikaja flashi, na kazi ikawa rahisi zaidi. Intaneti haikuwa na nafasi kubwa; hata mwaka 2013, vyumba vya umma vya intaneti vilipofunguliwa, saa moja iligharimu dola 4.50 katika nchi ambayo mshahara wa mwezi ulikuwa dola 20 hivi. Kwa njia hii ya mkono kwa mkono kundi lilitoa kazi moja baada ya nyingine kwa kasi ambayo lebo yoyote ingeikataa, na vijana kisiwa kizima wakazijua nyimbo ambazo redio haikuwahi kuzipiga.

Walichana kuhusu nini? Kuhusu polisi anayemsimamisha kijana na kumdai kitambulisho mara tatu kwa siku, kiongozi anayehubiri kujinyima huku akiwa na gari na mafuta, daktari anayepata kidogo kuliko mbeba mizigo wa hoteli, dada anayetafuta mtalii ili familia ile, na rafiki aliyepanda chelezo kwenda Florida na hajasikika tena. Jambo linalowapita wengi ni kwamba, katika miaka ile ya mwanzo, hawakusema kwa lugha ya wapinzani wa serikali waliohamia Miami. Walisema kwa lugha ya Mapinduzi yenyewe, wakamtaja José Martí, shujaa wa uhuru wa Kuba, na Che Guevara wa Mapinduzi, wakauliza ahadi zimekwenda wapi. Mwenye nyumba akikosolewa na mgeni hukasirika. Akikosolewa na mwanawe kwa maneno aliyomfundisha mwenyewe, hukosa hata la kujibu. Aliyekuwa nao karibu sana ni Silvito el Libre, mtoto wa Silvio Rodríguez, mwimbaji ambaye nyimbo zake ni kama sauti rasmi ya kizazi cha Mapinduzi na ambaye aliwahi kuwa mbunge. Mtoto wa mtu huyo kuwa upande wa marapa wa vyumbani lilikuwa jambo la kujadiliwa.

Mchangiaji wa kwanza:

Ahsante kwa uzi uliopikwa ukaiva, mkuu. Swali langu ni la tumbo. Kama hawakuweza kulipwa kihalali na CD waligawa bure, walikula nini?

Mleta uzi:

Swali zuri, ndugu yangu. Msisahau kwamba Kuba kodi ya nyumba si mzigo kama kwingine, kijana huishi kwa wazazi hadi ana mvi, na miaka ile kadi ya mgawo ilitoa mchele, maharage na sukari ya kusukuma siku kadhaa za mwezi. Mtu hafi njaa haraka, lakini pia hapati viatu. Kwa hiyo msanii wa aina ile aliishi kama wengine wengi wa rika lake, kwa kuungaunga. Ninachotaka tukione ni kwamba umaskini huo ulikuwa na faida moja ya ajabu: hapakuwa na mdhamini wa kuogopa kumpoteza. Mkataba hakuna, tangazo hakuna, na mtu asiye na cha kunyang'anywa huchana anavyotaka. Hapo ndipo kompyuta inapoingia, kwa sababu ilikuwa kitu pekee kilichoweza kunyang'anywa.

Mwaka 2009 Aldo alikamatwa, na hoja iliyotolewa ilikuwa kumiliki kompyuta isivyo halali. Aliachiwa, lakini kila rapa wa Havana alielewa ujumbe. Ulikuwa mwaka wa mambo makubwa. Tarehe 20 Septemba mwimbaji wa Kolombia, Juanes, alifanya tamasha katika Uwanja wa Mapinduzi mbele ya umati mkubwa ajabu. Los Aldeanos hawakupewa nafasi ya kupanda jukwaani, ila Juanes aliwashukuru hadharani. Agosti 2010 wakatumbuiza Rotilla, tamasha la ufukweni lililoandaliwa na vijana wasio wa serikali, wakawarushia viongozi maneno makali mbele ya maelfu ya watu. Mwaka uliofuata dola ikalitwaa tamasha hilo kutoka kwa waanzilishi wake. Mwaka huohuo wa 2010 walisafiri hadi Serbia kwenye tamasha la Exit, na Novemba wakatumbuiza Miami. Watu waliokuwa wakirekodi chumbani sasa walikuwa na pasipoti, viza na tiketi. Baadhi yetu tulifurahi bila kujiuliza tiketi zile zilitoka wapi.

Mchangiaji wa pili:

Mkuu, umefika penyewe na unataka kuparuka juu juu. Mwaka 2014 iliandikwa wazi kwamba hawa jamaa walikuwa mradi wa Wamarekani. Kwa nini tuwaite wasanii huru?

Mleta uzi:

Siparuki, nilikuwa nakuja huko. Tarehe 11 Desemba 2014 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba USAID, wakati huo shirika la misaada la serikali ya Marekani, lilikuwa limejipenyeza kwa siri katika rapu ya Kuba kwa zaidi ya miaka miwili kuanzia 2009. Kazi ilifanywa na mkandarasi wa Washington aitwaye Creative Associates International, aliyewatumia mapromota kutoka Serbia, wakiongozwa na Rajko Bozic, pamoja na kampuni ya kuficha njia ya fedha nchini Panama. Serbia haikuchaguliwa kwa bahati. Exit yenyewe ilianza mwaka 2000 kama vuguvugu la wanafunzi dhidi ya mtawala wa huko, Slobodan Milošević, na waliobuni mradi walitumaini kwamba muziki ungeamsha vijana wa Kuba vivyo hivyo. Wasanii wenyewe, kwa mujibu wa uchunguzi huo, hawakuambiwa ni nani aliyekuwa nyuma ya misaada waliyopewa. USAID ilikana kwamba kazi yake ilikuwa ya siri. Siku sita tu baadaye, tarehe 17 Desemba, Barack Obama na Raúl Castro walitangaza kurejesha uhusiano wa nchi zao, na habari ile ikafunikwa na shangwe.

Sasa nikujibu. Kundi lilianza 2003 na mradi ulianza 2009. Kwa miaka sita yote ya kwanza, ambayo kwangu ndiyo miaka yao bora, hapakuwa na dola hata moja ya Washington ndani ya chumba kile. Mradi uliwakuta wakiwa tayari wanajulikana, na ndiyo sababu uliwataka. Mtu hanunui ng'ombe asiyetoa maziwa. Ukisema mradi uliwatengeneza, tarehe zinakukatalia.

Lakini sitawatetea kwa upofu. Madhara yalikuwa makubwa, na yaliwaangukia wasiohusika. Maofisa wa Kuba walikuwa wakidai kwa miaka mingi kwamba kila rapa anayelalamika ametumwa na Marekani, na watu wengi walidhani ni kisingizio. Mradi ule uliwapa ushahidi mkononi. Kuanzia hapo kijana wa Alamar anayerekodi wimbo kuhusu foleni ya mkate alipaswa kuthibitisha kwanza kwamba hajalipwa. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika kisa chote: watu waliosema wanataka sauti huru Kuba ndio walioipa serikali rungu la kuipigia.

Mchangiaji wa tatu:

Naomba kuongeza. Tusizungumze kana kwamba uwanja ulikuwa wa wanaume wawili peke yao. Las Krudas, kundi la wanawake, lilikuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 likichana kuhusu wanawake weusi na mapenzi ya jinsia moja, mambo ambayo marapa wenzao wa kiume hawakutaka kuyasikia. Nao pia waliondoka, mwaka 2006, wakaenda kuishi Texas.

Mleta uzi:

Ni kweli, na nakushukuru, dada. Umenikumbusha pia jambo nililotaka kulisema kuhusu kuondoka. Aldo na El B nao waliishia Florida. Wakiwa huko waliendelea kutoa kazi, sauti ikasafishwa, video zikawa za kupendeza, na kila mmoja akajijenga kivyake. Mimi nimezisikiliza. Ustadi haujapungua, kwa kweli El B ameongezeka. Ila mtu aliyekuwa akilalamikia foleni akiwa ndani ya foleni sasa anailalamikia akiwa kwenye barabara kuu ya Miami, na msikilizaji husikia tofauti hiyo hata asipojua lugha. Miami nako kuna mipaka yake. Huko asiyeilaani serikali ya Havana kwa sauti ya kutosha hushukiwa, na anayetaka kusema neno moja zuri kuhusu hospitali za nyumbani hulimeza. Kwa hiyo walitoka kwenye mkono mmoja wakaingia kwenye mwingine, ingawa mkono wa pili haufungi mtu jela.

Mchangiaji wa kwanza:

Na waliobaki? Chumba kile cha kurekodia bado kina mtu?

Mleta uzi:

Wapo, na hali yao ni mbaya kuliko ya wale wa 2003. Mwaka 2018 serikali ilitoa Amri namba 349, inayomtaka msanii awe na idhini ya taasisi za utamaduni kabla ya kutoa huduma yake hadharani, hata kwenye ukumbi wa mtu binafsi. Kilichokuwa mazoea kikawa sheria. Wasanii wa mitaani walioipinga ndio waliounda vuguvugu la San Isidro, lililopata jina lake kutoka mtaa wa Havana ya zamani, na miongoni mwao alikuwamo rapa Maykel Castillo Pérez, anayeitwa Maykel Osorbo. Februari 2021 alishiriki katika wimbo Patria y Vida, yaani Nchi na Uhai, pamoja na El Funky, ambaye pia alikuwa Havana, na nyota walioko ng'ambo kama Yotuel wa Orishas. Mei mwaka huo akakamatwa. Julai 11 maelfu ya watu waliingia barabarani katika miji mbalimbali, wakatumia jina la wimbo ule kama kibwagizo. Novemba wimbo ukashinda tuzo mbili za Latin Grammy, ikiwemo ya wimbo bora wa mwaka, huku mmoja wa watunzi wake akiwa mahabusu. Juni 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka tisa.

Linganisheni mambo hayo mawili: mwaka 2009 Aldo alikamatwa kwa ajili ya kompyuta akaachiwa, mwaka 2022 Osorbo alipewa miaka tisa. Naamini tofauti kubwa ni simu. Kuanzia Desemba 2018 Wakuba wana intaneti kwenye simu zao, na wimbo uliokuwa ukichukua miezi kuzunguka kisiwa kwa flashi sasa hufika Santiago, upande wa pili wa kisiwa, kabla mchanaji hajavua vipokea sauti.

Mchangiaji wa pili:

Tarehe zako nimezielewa, mkuu, na nakubali kuwa nilikosea kusema walitengenezwa. Bado nasema tiketi ya Serbia walipaswa kuiuliza ilipotoka. Ile CD bado unayo? Tupandishie humu tusikilize.

Mleta uzi:

Hapo kwenye tiketi sina la kukupinga. CD ninayo, imekwaruzika, wimbo wa saba hurukaruka kuanzia ubeti wa pili na wa mwisho haufunguki kabisa. Nyingine zote niliwahi kuzihamishia kwenye kompyuta. Mwenye flashi aje nayo Jumamosi pale tunapokutana siku zote, nitamnakilia.